Wavulana Elfu Moja

Nzilani hakuwa amelala usingizi wa kueleweka kwa siku kumi, na mtu asiyelala siku kumi huanza kuona vitu. Aliona ukuta wa zahanati ukipumua. Aliona kuku wa mama mkwe wake akivuka uwanja, halafu akivuka tena upande uleule kabla hajarudi. Hakumwambia mtu. Alikaa na mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, amemfunga kwa leso mbili, na kazi yake mchana kutwa ilikuwa moja tu: kusikiliza kama anapumua.

Mtoto alikuwa wa kiume, na hapo ndipo palipokuwa na taabu. Wavinya, dada yake, alizaliwa bila matata, akanyonya, akanenepa, na sasa ana miaka mitano na mdomo wa mtu mzima. Lakini wavulana wawili wa Nzilani walikuwa nyuma ya nyumba, chini ya mawe mawili madogo. Wa kwanza aliishi siku tisa. Wa pili aliishi siku kumi na moja. Huyu wa tatu alikuja kabla ya mwezi wake, kilo moja na gramu mia saba, masikio laini yasiyosimama vizuri, na kesho yake angetimiza siku kumi na moja. Bado hakuwa na jina. Nzilani aliogopa kumpa.

"Mpe jina lolote," Kyule, mumewe, alimwambia kwa simu kutoka Mtito Andei, lori lake likinguruma nyuma ya sauti yake. "Bora aitike."

Rahisi kusema ukiwa Mtito Andei.

Mutisya, muuguzi ambaye Ikutha nzima humwita daktari, alikuwa amebandika karatasi ukutani juu ya mizani ya watoto. Alitoka nayo kwenye mafunzo, na aliipenda kuliko kalenda. Ilionyesha nchi moja moja: katika kila wavulana elfu moja wanaozaliwa wakiwa hai, wangapi hufa kabla ya kutimiza mwaka. Siku hiyo ya kumi, Nzilani aliisoma kwa sauti wakati akisubiri mtoto apimwe, maana mama mkwe wake, Mwongeli, alikuwa ameacha miwani nyumbani.

"Japani, wawili."

"Wawili wangapi?" Mwongeli akauliza.

"Wawili katika elfu, mwaitu," Nzilani akajibu, kwa neno la Kikamba la kumwita mama.

"Hao wanaotengeneza magari ya Probox?"

"Haohao, Susu," Mutisya akacheka, akimwita nyanya.

"Na sisi?"

"Kenya ni thelathini na kitu."

"Na hapo chini?"

"Somalia. Sabini hivi."

Mwongeli aliisogelea karatasi. Alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe cha Jumapili na sauti ya kuongoza nyimbo, lakini kichwani mwake mlikuwa na vyumba vingi, na si vyote ambamo mchungaji aliwahi kukaribishwa. "Sasa kwa nini wavulana?" akauliza. "Hii karatasi ya wasichana iko wapi?"

"Iko, lakini nambari zake ni ndogo. Karibu kila mahali wavulana ndio wanaenda zaidi. Mapafu yao yanachelewa kukomaa. Huyu ni wa miezi nane, kwa hivyo mapafu yake ni ya kubembelezwa." Mutisya alimgeukia Nzilani, na kicheko kikamtoka usoni. "Wale Wajapani hawana uchawi. Wana joto, maji safi, na daktari wa karibu. Mimi hapa sina mashine ya joto. Mashine ni kifua chako. Asitoke hapo hata dakika tano. Ukichoka, mpe mwingine amweke kwa kifua chake. Tumeelewana?"

Walielewana. Angalau Nzilani alidhani hivyo. Mwongeli alikuwa ameelewa jambo lingine kabisa.

Walipofika nyumbani aliketi kwenye kigoda, akashika tama. "Umesikia?" akasema. "Kifo kinajua mahali. Kwa Wajapani hakijui njia. Kwetu kimezoea. Hii boma kimeijua tangu yule wa kwanza, kinaingia kama mtu wa nyumbani." Akasogea karibu. "Mama yangu alizika wavulana wanne. Wa tano alimweka njiani, kwa uteo."

Uteo ni ungo wa kupepetea, na Nzilani alijua habari ilikoelekea, maana hata kwao Kikima wazee waliisimulia. Mtoto ambaye kaka zake wamekufa huwekwa kwenye uteo, njia panda, kana kwamba ametupwa. Wenyewe hujificha. Mpita njia wa kwanza atakayemwinua ndiye mzazi wake, na ndiye ampaye jina. Baadaye wenyewe humwendea na kusema: tumesikia umeokota mtoto, tunaomba utupe tumlee. Kifo kikija kutafuta mtoto wa boma ile, kinakuta hayupo. Aliyepo ni wa watu wengine.

"Na yule mjomba wangu alizeeka mpaka akang'oka meno," Mwongeli akamalizia. "Sasa mimi nimefikiria hivi. Kuna yule Mjapani wa mradi wa maji. Kila Alhamisi anapita hapo njia panda na pikapu nyeupe, saa mbili asubuhi, akienda kuangalia kisima. Kesho ni Alhamisi."

Jamani, mtu asimcheke Nzilani. Kabla hujamcheka, kaa siku kumi ukihesabu pumzi za mtu mwingine. Alisema hapana. Alisema daktari amekataza. Kisha jua la alasiri likaingia mlangoni, likamlaza palepale kwenye kiti, na akaota.

Aliota yuko mtoni, ule mto mkavu wa chini ya shamba ambako watu huchimba mchanga kutafuta maji. Mchanga ulikuwa mweupe na wa vuguvugu, na juu yake walikuwa wamelala wavulana, safu kwa safu, hadi mto unapopinda. Hakuna aliyemwambia idadi yao lakini alijua ni elfu moja. Hawakulia. Walikuwa wakitazama mawingu, wakichezesha vidole vya miguu. Mwanamke fulani alitembea katikati yao akiwa peku, ameshika daftari, akiinama kwa kila mmoja na kuuliza kwa upole kabisa, "Huyu wa wapi?" Akijibiwa jina lisilo la huku, alipita. Akijibiwa Mutinda, Kitonga, Musyoka, alisimama kidogo, akafikiri, na mara nyingine akamfunika mtoto kwa leso. Hakuwa mkali. Hilo ndilo lililomtisha Nzilani, kwamba yule mwanamke alionekana mwema na mwenye haraka kidogo, kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Akazidi kukaribia. Nzilani akatafuta jina la mwanawe mdomoni, akakuta hana.

Alipozinduka, jasho lilikuwa limemlowa yeye na mtoto. Mtoto alikuwa akipumua.

"Kesho," akamwambia mama mkwe wake.

Asubuhi ya siku ya kumi na moja ilikuwa ya Julai, mawingu yametanda chini na upepo ukitambaa ardhini. Baridi ya Ikutha humfanya mtu wa Kikima acheke. Kwao, kule milimani, Julai ukungu huingia hadi kitandani na watoto huenda shule na masweta mawili. Hii ya Ikutha Nzilani aliiona ya mchezo. Alimfunga mtoto kwa leso, akamvika kofia, akamlaza kwenye uteo pale njia panda, akaondoka akiangalia nyuma kila hatua tatu. Kifua chake kilibaki kimelowa maziwa na kitupu. Alitaka kurudi. Mwongeli alimshika mkono.

"Mzazi haangalii," akanong'ona. "Ukiangalia, inaharibika."

Wakajificha nyuma ya kichaka, hatua hamsini hivi. Saa mbili ikafika. Pikapu haikuonekana. Mwongeli alisimama kwa vidole vya miguu, akitazama barabara kwa macho ya kuitoboa. Hakujua kwamba Mjapani wake alikuwa amepita njia ya juu tangu saa kumi na mbili, maana hakuna Mjapani anayejua kwamba anasubiriwa kumwokota mtoto.

"Atakuja," akasema. "Hao watu hawachelewi."

Nzilani aliketi chini. Akaegemea shina. Alisema moyoni atafunga macho mpaka ahesabu kumi.

Mchanga ulikuwa umepoa. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi mtoni, na wavulana wengi walikuwa wamefunikwa. Yule mwanamke wa daftari alikuwa amesimama juu ya uteo. Aliinama. Akauliza, "Huyu wa wapi?" na hapakuwa na mtu wa kumjibu, kwa sababu mama yake alikuwa amejificha kichakani. Akakunjua leso.

Kengele za mbuzi ndizo zilizomwamsha, kengele na sauti ya mwanamke akipiga kelele barabarani.

"Mtoto wa nani? Nyinyi watu, huyu mtoto wa nani!"

Alikuwa Ijabo, Msomali mfanyabiashara wa mbuzi ambaye kila siku ya soko alipita hapo na mifugo yake, mrefu, amejitanda shela ya kahawia. Ikutha ilimjua kwa kubishana bei na kwa kutocheka ovyo. Sasa alikuwa amepiga magoti mavumbini, mbuzi wakimzunguka, na uteo ulikuwa mbele yake.

Mwongeli alitoka kichakani mbio. "Weka chini!" akapaza sauti. "Si wewe! Weka chini, si wewe tunangoja!" Maana kichwani mwake mlikuwa na karatasi ile, na mstari wa chini kabisa wa karatasi, na sabini.

Ijabo hakuinua hata uso. "Hapumui," akasema.

Nzilani aliruka kutoka kichakani. Alikimbia, au alidhani anakimbia. Njia ilirefuka, na hatua hamsini zikawa shamba zima. Alipofika aliona midomo ya mwanawe, na rangi ya midomo hiyo hakuisahau tena maishani. Ijabo alikuwa ameshika nyayo ndogo kwa mkono mmoja, akizipiga kwa kidole, tap, tap, tap, kisha akamsugua mgongo, kisha nyayo tena. Alifanya haraka bila kupapatika, kama mtu afungaye kamba aliyoifunga mara nyingi.

"Kuja, wewe," alimwambia mtoto. "Kuja. Usiende huko. Huko nimeshapeleka wa kutosha."

Tap, tap.

Mtoto akashtuka. Akavuta pumzi moja yenye mkwaruzo, akanyamaza, akavuta nyingine, na kisha akatoa kilio chembamba ambacho hata mbuzi walikigeukia. Ijabo alifungua vifungo vya gauni lake, akamvua mtoto leso iliyopoa, akamtia ndani, kifuani kwake, akazungusha shela mara mbili. Akasimama.

"Daktari iko wapi?"

"Nipe," Nzilani akalia. "Nipe mwanangu."

"Wewe una baridi. Mimi nimetembea tangu alfajiri, nina joto kama jiko. Twende."

Wakaenda, mwendo wa nusu mbio, kilomita mbili. Mbuzi walibaki barabarani wakila ua wa mtu, na Ijabo hakuwatazama hata mara moja.

Mutisya alipoona kipimajoto uso ulimwiva. Thelathini na nne. Mtoto wa namna hiyo akipoa, husahau kupumua, na Mutisya alilisema hilo kwa sauti iliyosikika hadi nje kwenye foleni. "Nani alimtoa kifuani? Nimesema nini jana? Nani?"

Nzilani akafungua mdomo. Sauti ya mama mkwe wake ikamtangulia.

"Ni mimi," Mwongeli akasema. Alikuwa bado ameshika uteo mtupu. "Huyu alikataa. Mimi ndio nilimsukuma." Na mama yule wa kuongoza nyimbo akaketi sakafuni, akalia bila kujificha uso.

Hasira ikamwisha Mutisya. Akampigia simu dereva wa gari la wagonjwa. Lilikuwa mbali, lisingefika kabla ya jioni. "Hapohapo alipo ndipo abaki," akamwambia Ijabo. "Usimhamishe. Una joto kuliko mashine. Mama yake akae karibu, tutakamua maziwa tumpe kwa kijiko."

Basi Ijabo akaketi kwenye benchi, chini ya karatasi ya Mutisya, na Nzilani akaketi akimgusa bega. Saa zilienda polepole. Mvuke wa dawa ya kusafishia sakafu ulipanda na kuwafanya wote wasinzie kidogo. Thelathini na nne na nusu. Thelathini na tano. Kijiko cha maziwa kikaingia, na mtoto akameza.

"Hiyo karatasi inasema nini?" Ijabo akauliza. "Yule mama alipiga kelele, si wewe, si wewe. Halafu huku njiani akasema sabini. Sabini ya nini?"

Nzilani aliona aibu hadi shingoni. Lakini mtu aliyembeba mwanao hadanganywi. Akamweleza yote: elfu moja, wawili, thelathini, na mstari wa chini.

Ijabo aligeuka akatazama juu. Hakusoma, ila alitazama mahali alipoonyeshwa, kwa muda. "Wangu ni watatu," akasema. "Wote wavulana. Nilizaa kwetu, kabla ya kuja huku. Wa kwanza niliamka nikamkuta amepoa. Wa pili, mama mmoja mzee alinionyesha hii ya miguu, mtoto akarudi mara mbili, mara ya tatu hakurudi. Wa tatu alizaliwa siku ya mvua. Huyo alikaa siku arobaini. Nilifikiri amekaa." Akatengeneza shela. "Wako hapo ndani ya sabini?"

Mutisya ndiye aliyejibu, taratibu. "Waliandikwa mahali, mama? Kliniki? Kwa chifu?"

"Nani aandike? Tuliwaosha, tukawazika, tukahama."

"Basi hizo nambari ni za kukadiria. Wanakadiria wale ambao hawakuandikwa."

"Kwa hivyo hapo hawapo."

"Kwa majina, hapana."

Nzilani akasimama. Alichukua kalamu ya Mutisya mezani, wala hakuomba ruhusa. "Waliitwa nani?"

"Sharmarke," Ijabo akasema. "Guled." Kisha akaongeza, "Roble. Huyo wa mvua."

Nzilani akaandika majina matatu pembeni mwa sabini, kwa herufi za kusomeka, kisha akasita na kalamu hewani. Akashuka mkono hadi kwenye thelathini na kitu za Kenya, akaandika mengine mawili, ambayo hakuwahi kuyaandika popote. Mutisya alitazama karatasi yake ya thamani ikichorwachorwa, akamwacha aandike.

Gari la wagonjwa lilipofika mtoto alikuwa na thelathini na sita na nusu. Mutisya aliamua walale hapohapo zahanati, awaangalie mwenyewe. Jua lilikuwa linateremka nyuma ya paa za soko, na ukuta ulikuwa umegeuka rangi ya chungwa. Mwongeli aliinuka kutoka pembeni alikokuwa amejikunyata tangu asubuhi. Akafunga kitambaa chake vizuri. Akaja akasimama mbele ya Ijabo, miguu pamoja, na kila mtu chumbani akaona kwamba jambo analotaka kulisema linampa taabu.

"Mama," akasema. "Tumesikia umeokota mtoto. Tunaomba utupe, tumlee."

Ijabo alikunja uso, hakuelewa. Nzilani, katikati ya kusinzia na kuwa macho, alieleza desturi kwa maneno machache: yeye aliyeokota ndiye mzazi, na ndiye ampaye jina.

"Leo ni siku ya ngapi?"

"Ya kumi na moja."

"Basi leo hapana," Ijabo akasema. "Hicho mnachoogopa kikija leo, kikute ni wangu. Kwangu kimechukua kila kitu. Kimemaliza, hakina sababu ya kurudi." Akainamisha kichwa, akanong'ona kitu kwa Kisomali ndani ya shela. Kisha akasema kwa sauti, "Anaitwa Roble."

Mwongeli aliitikia kwa kichwa. Alivua sweta lake mwenyewe, lile la kijani la kwaya, akalizungusha miguuni mwa Ijabo.

Nzilani aliegemeza kichwa kwenye bega lile refu. Alisikia pumzi mbili, kubwa na ndogo, akajaribu kuzihesabu, akapotea njiani. Mchanga ulikuwepo. Mto ulikuwepo. Yule mwanamke wa daftari alitokea mbali, kwenye kona ya mto, akaja akiinama na kuuliza, safu kwa safu, mpaka akafika mahali Ijabo alipokuwa ameketi mchangani, miguu ameinyoosha, shela imejaa. Wakatazamana. Walionekana kujuana. Mwanamke yule akafunga daftari lake juu ya kidole, akasubiri, na Ijabo hakumpisha. Mwisho alizunguka, akapita upande wa pili, na Nzilani hakuona tena alikoelekea kwa kuwa usingizi ulimchukua mzima mzima, wa kwanza baada ya siku kumi na moja.

Kilichomwamsha ni kelele. Dirisha lilikuwa jeupe, jogoo wa soko walikuwa wamekwisha kuwika, na ndani ya shela mtu alikuwa na hasira ya njaa. Ijabo alikuwa macho, mgongo wima kama walivyomwacha, macho mekundu. Alifungua vifungo polepole. Aliangalia ndani mara moja, mara ya pili. Kisha akageuka.

"Mama Roble," akamwambia Nzilani, "chukua. Mtoto wako anataka kula."